Mbele ya kumupatia mutu mugongo wako

Ndugu wafanyakazi, na ninyi bamama wenye kutungojea ku nyumba, tangu mwaka huu uanze mambo ya mushahara yanakwisha upesi mu mikutano ya sendika kuliko mambo ya mugongo. Tukiwa tungali kwa nyongeza ya kazi ya usiku, mutu anainuka, mukono mumoja ku kiuno, anauliza: "Delege, ule bwana mwenye kunyoosha watu mugongo, ni munganga wa kweli ao anakula tu makuta yetu?" Watu wanacheka. Kisha wananyamaza, juu kila mumoja anangojea jibu.

Sasa swali hilo limefika mpaka ku meza ya mazungumzo. Mu kompani moja, hatutaitaja jina juu mazungumzo yangali yanaendelea, wakubwa wameleta pendekezo: watalipa mutaalamu wa kiropraktiki kutoka inje ya inchi, atafika siku mbili kila mwezi, na kila mufanyakazi mwenye kuumwa mugongo atapita kwake bila kulipa kitu. Hapo watu walipiga mikono. Lakini chini ya karatasi kulikuwa musitari mwingine, mufupi: mwenye kupita kwa mutaalamu atarudi kazini kesho yake, na mapumziko ya munganga kwa sababu ya mugongo hayatapita tena siku mbili. Badelege waliomba muda wa kufikiri. Mu safu hii tunafikiri pamoja nao, na tunasema wazi tangu sasa: mikono tunaweza kuipokea, ule musitari hapana.

Lakini mutu hawezi kuitika ao kukataa kitu chenye hajui. Kiropraktiki ni tiba ya mikono. Ilianza Marekani mwaka 1895, mu muji wa Davenport, jimbo la Iowa. Daniel David Palmer, mwenye kuianzisha, hakuwa munganga wa kusoma. Alikuwa anatibu watu akisema mwili uko na nguvu sawa ya sumaku. Mugonjwa wake wa kwanza, Harvey Lillard, alikuwa musafishaji wa jengo, hakuwa anasikia vizuri. Palmer alimusukuma mufupa mumoja wa mugongo na, kufuatana na maneno yake mwenyewe, masikio yalifunguka. Kutoka hapo akafundisha kama karibu kila ugonjwa unatoka kwa mufupa wa mugongo wenye kuhama mahali pake. Basi mushipa wa kusikia haupiti hata mu mugongo. Unatoka ku sikio unaingia ku ubongo palepale mu kichwa. Musingi wa kwanza ulikuwa mubovu.

Kazi yenyewe haikukufa, iligeuka. Wengi wa leo wanasoma mwili wa mutu miaka mingi, wanajua kusoma picha ya radio, na wanashughulika zaidi na mugongo, shingo na viungo. Mu 2005 OMS ilitoa kanuni: mwenye kujifunza kazi hii tangu mwanzo asome saa zisizopungua 4200, na kati yake saa 1000 za kutibu wagonjwa mbele ya macho ya mwalimu. Ubelgiji walitunga sheria juu ya kazi hii mu 1999, Ufaransa mu 2002. Afrika ya Kusini inafundishwa ku universite, Durban na Johannesburg, na mwenye kuifanya anapashwa kuandikishwa. Kwa hiyo mutaalamu wa kweli wa kiropraktiki yuko. Si mutu wa soko.

Kwetu, kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi, wenye ile diploma ni wa kuhesabu ku vidole. Wenye kushika migongo yetu ni watu wengine. Kuko kine, mwenye kusoma kineziterapi, anatumika ku hopitali. Huyu si mutu wa kiropraktiki lakini anajua kazi yake, na mu maoni yangu njo angepashwa kuwa wa kwanza kuitwa. Kuko wazee wenye kurudisha mifupa, kazi wameachiwa na baba zao. Kati yao kuko wenye mikono mizuri sana kwa mukono wenye kuteguka, na kuko wenye kufunga muguu nguvu mpaka damu haipite, kisha hopitali inaukata. Na siku hizi kuko vijana wenye kujifunza ku video za telefone. Wanalalisha mutu ku meza, wanavuta kichwa na kitambaa, ka! wote wanapiga mikono. Hawa njo wananiogopesha.

Tuanze na ule mulio, juu watu mingi wanalipa mulio. Mutu akisikia "ka" anafikiri mufupa ulikuwa umetoka, sasa umerudi. Hapana. Mu kiungo kuko maji maji yenye kukilainisha, na mu ile maji kuko hewa. Kiungo kikivutwa kwa gafula, hewa inafanya kama povu, mulio unatoka. Ni sawa na kuvunja vidole. Mutu anaweza kutoka mulio kumi bila kupona, na anaweza kupata nafuu bila mulio hata mumoja. Kama mufupa wa mugongo ungekuwa umetoka kweli mahali pake, hungefika kwa ule bwana na miguu yako, wangekubeba.

Basi faida iko wapi? Iko, na hatutaificha. OMS inahesabu kama mu 2020 watu milioni 619 ulimwenguni walikuwa na maumivu ya chini ya mugongo. Kwa watu tisa juu ya kumi hakuna mufupa wenye kuvunjika wala ugonjwa mukubwa wenye munganga anaweza kuonyesha na kidole; ni nyama, mishipa na viungo vyenye kuchoka ao kukaza. Kwa mugongo wa namna hii, mikono inaweza kusaidia. Mu Desemba 2023, OMS ilitoa mwongozo juu ya mugongo wenye kuuma kwa muda murefu, na kunyoosha mugongo kwa mikono kuko kati ya mambo yenye munganga anaweza kujaribu, pamoja na mazoezi ya mwili, kukandwa, na kufasiriwa mugonjwa hali yake. Mbele ya hapo, mu 2019, gazeti la banganga la Uingereza, BMJ, lilitoa kazi yenye kukusanya majaribio 47. Jibu lake: kunyoosha mugongo kwa mikono kunasaidia karibu sawa na tiba zingine zenye kushauriwa, sawa mazoezi. Halipiti, halipungui sana. Kwa hiyo haiko uongo, na haiko muujiza.

Tena kuko jambo lingine lenye wauzaji hawasemi. Mugongo wenye kukukamata leo, ukiinua kitu vibaya, mara mingi unapunguka wenyewe mu wiki sita, hata usipomwona mutu. Mu zile wiki sita mutu anapita kwa muzee, anapita kwa famasi, anapakwa mafuta, mutoto anamukanyaga mugongo mangaribi. Siku anapona, yule aliyemugusa mwisho njo anapokea asante.

Lakini tupe mikono haki yake. Wenzetu mingi wanaishi na diklofenak, vidonge viwili asubuhi, viwili usiku, mwezi kwa mwezi, bila mutu kuwapima. Ile dawa inatoboa tumbo, inachosha figo, na ni mubaya zaidi kwa mwenye tansio. Wengine wamefika ku tramadol, na tunajua sote hapa hiyo njia inaenda wapi. OMS mu ule mwongozo wa 2023 haikushauri dawa za namna ya tramadol kwa mugongo wa muda murefu. Haikushauri vilevile ule mukaba wa kufunga kiuno. Ndiyo, ule mukaba wenye kompani zinatupa pamoja na botte na kofia, kisha zinatupika foto! Basi kama mikono ya mutu mwenye kusoma inaweza kumutosha ndugu mu tramadol, mimi sitasimama mu mulango kumukataza.

Sasa hatari. Baada ya kunyooshwa, watu mingi wanasikia maumivu kidogo, uchovu, siku moja ao mbili. Hiyo si kitu. Hatari yenye kila mutu anasema ni ya shingo, na iko kweli. Mu mifupa ya shingo munapita mishipa miwili ya damu yenye kupanda ku ubongo wa nyuma. Shingo ikizungushwa kwa gafula na kwa nguvu, ukuta wa ndani wa mushipa unaweza kupasuka, damu inaganda, inapanda, mutu anapooza upande ao anakufa. Ni jambo la nadra sana. Na banganga wenyewe wanabishana: mutu mwenye mushipa wake umeanza kupasuka anasikia shingo na kichwa kuuma, kwa hiyo anaenda kutafuta wa kumunyoosha, hapo ni vigumu kujua nani alianza. Iwe vile ao vile, maoni ya safu hii ni rahisi: kwa shingo, faida ni ndogo na kosa halirudishwe. Mutu asikuzungushe kichwa kwa gafula. Na kama kisha kuguswa unaona kizunguzungu, unaona kitu kimoja viwili, ulimi unakuwa muzito, ao kichwa kinauma sawa hakijauma siku moja, usiende kulala. Hopitali, ile saa.

Lakini kwa sisi watu wa mina, mu maoni yangu hatari yenye iko karibu zaidi haiko ya shingo. Iko ya mufupa wenye kuliwa na kifua kikuu.

Watu mingi wanafikiri kifua kikuu ni kukohoa tu. Kinaweza kuingia mu mifupa, na mufupa kinaopenda ni wa mugongo. Ugonjwa huu uko na jina la munganga Mwingereza, Percivall Pott, mwenye kuandika juu yake mu 1779. Banganga wetu wanauita mal ya Pott. Unaanza polepole. Mugongo unauma wiki, miezi, unauma hata umelala. Mutu anakonda, anatoka jasho usiku, homa ndogo inapanda mangaribi. Mara mingi hakohoi hata kidogo. Mu ule wakati mufupa unalainika ndani, sawa muti wenye kuliwa na muchwa: inje unaona muti, ndani ni unga. Sasa anafika mutu mwenye nguvu, anaweka goti, anasukuma. Mufupa unaanguka, unabana ule uti wa mishipa yenye kupeleka nguvu ku miguu. Mutu aliingia akitembea, anatoka amebebwa.

Kwa nini tunasema ni jambo la wana mina? Juu ya vumbi. Vumbi ya mawe yenye kukatwa na kuvunjwa iko na silika. Miaka inapita, silika inaharibu mapafu, na mapafu yenye silika yanafungulia kifua kikuu mulango. Tena Kongo yetu OMS inaihesabu kati ya inchi 30 zenye kubeba muzigo mukubwa wa kifua kikuu ulimwenguni. Weka hayo mambo pamoja: mutu wa kutoboa mawe, miaka kumi na tano mu vumbi, mugongo unauma tangu miezi mitatu. Huyo mutu haombi mikono, anaomba kwanza kipimo. Dawa za kifua kikuu ku vituo vya serikali ni bure, na mal ya Pott inapona na vidonge kama imekamatwa mbele ya miguu kulegea.

Ndugu mumoja wa posti ya usiku alienda kwa munyooshaji karibu miezi miwili. Kila mara alisikia nafuu siku moja, kisha maumivu yalirudi. Muke wake njo alifungua macho, si munganga. Alikuwa anafua nguo, akaona suruali zote mukaba umetobolewa tundu mupya, na shuka inaloa kila asubuhi. Alimukatalia kurudi kule, akamushika mukono mpaka ku radio. Ilikuwa kifua kikuu ya mugongo. Leo ule ndugu anatembea. Bamama, mambo haya ninyi munayaona mbele yetu, juu sisi tunajua kusema tu "kazi inanichosha".

Kuna wengine tena wasiguswe kwa nguvu. Mutoto ao kijana mwenye SS, viungo vyake vikiuma, maumivu yanatoka kwa damu yenye kuziba mu mifupa. Kumuvuta ni kumuongezea. Mama mwenye mimba, mugongo wake umwonyeshe kwanza mukunga. Muzee mwenye kuumwa mugongo na kukojoa kwa taabu apimwe prostate, juu kansa ya pale inapenda kushuka mu mifupa. Mwenye kuanguka mu shimo ao kupigwa na jiwe, apite radio mbele ya mukono wa mutu yeyote. Na alama hizi hazingojei asubuhi: ukishindwa kukojoa, ukikosa kusikia mwili wako pale unapokalia, ao miguu miwili ikilegea. Pale ni mishipa ya mwisho wa mugongo inabanwa, na saa zinahesabiwa. Kunyooshwa hapo ni kumaliza mutu.

Sasa turudi ku meza ya mazungumzo.

Kuko wenzetu mu sendika wanasema tukatae yote, ni mambo ya kutudanganya. Mimi siko pamoja nao. Kwa mufanyakazi mwenye hajawahi kuguswa na mutu wa kusoma, siku mbili kwa mwezi ni kitu. Wengine wanasema tuitike yote juu ni bure. Hapo ninauliza: bure kwa nani? Soma tena ule musitari wa chini. Mapumziko yanakatwa, na mwenye kukata si munganga, ni karatasi. Mugongo wenye kuomba siku kumi utapewa mbili. Na kuko jambo la pili lenye kujificha nyuma. Ukijiumiza kazini, ajali inapashwa kutangazwa, inaandikwa, CNSS inajua. Sheria ya 2016 juu ya usalama wa jamii inahesabu ajali za kazi na magonjwa ya kazi. Lakini ukipitishwa moja kwa moja kwa mutaalamu, akakunyoosha, ukarudi ku kamyo kesho, nani ameandika? Kisha miaka mitano mugongo umekufa, unaomba haki yako, wanakuuliza karatasi. Bila karatasi, hukuanguka.

Tena Code du travail ya 2002 inasema muajiri njo anapashwa kutoa matunzo ya afya kwa mufanyakazi na jamaa yake. Hiyo ni deni, haiko zawadi. Hatuuzi siku zetu za mapumziko kusudi tulipwe deni.

Na zaidi ya yote, tujiulize mugongo unaharibikia wapi. Shofere wa kamyo kubwa ya mina anakaa ku kiti saa kumi na mbili. Kama springi ya kiti imekufa na njia ya karieri iko na mashimo, kila tetemeko linapanda mu uti wa mugongo wake. Mikono ya mutaalamu itamushika dakika ishirini mu mwezi. Kiti kibovu kinamushika kila siku. Mwenye kubeba, vilevile. OIT tangu 1967, mu pendekezo lake namba 128, ilisema mwanaume mukubwa asibebeshwe kwa kawaida zaidi ya kilo 55. Nani kati yetu hajaona sako yenye kupita pale, ku mabega ya kijana wa miaka ishirini? Kuleta mutaalamu na kuacha kiti na sako vile viko, ni kupanguza maji na robine ingali wazi.

Kwa hiyo tunashauri badelege wajibu hivi. Mutaalamu afike, lakini diploma yake ionyeshwe kwa munganga wa dispanseri na kwa kamati. Asiguse mutu mbele ya munganga kumupima, na mwenye kuumwa tangu wiki sita ao zaidi, ao mwenye kukonda, apite radio na kipimo cha kifua kikuu. Shingo ibaki inje ya mukataba. Kila kupita kuandikwe mu karne ya mufanyakazi, na mufanyakazi awe na haki ya kukataa bila kuulizwa. Siku za mapumziko aziamue munganga peke yake. Ule musitari utoshwe. Na kama kompani iko na makuta ya kumupandisha mutu ndege kila mwezi, iweke kwanza kine mu dispanseri, kila siku, wa hapa kwetu, mwenye kufundisha watu mazoezi yenye wataendelea nayo ku nyumba. Mazoezi hayapige mulio, kwa hiyo hakuna video yake. Lakini njo yenye kubaki na mutu.

Hapo tuangalie kitu kimoja. Banganga wanashauri mwenye kuumwa mugongo asilale kitandani wiki nzima. Atembee, afanye kazi ndogondogo, mwili usikauke. Ni kweli. Lakini tumesikia sefu fulani akigeuza maneno haya: "Munganga alisema utembee, basi rudi ku kamyo." Kutembea haiko kubeba sako, na haiko kukaa ku kiti chenye kutetemeka usiku muzima. Munganga aandike ni kazi gani mutu anaweza na gani hawezi, maneno yasibaki mu kinywa cha sefu.

Wenzetu wachimbaji wa mikono hawako na meza, wala dispanseri, wala CNSS. Kwao kila kitu kinatoka mu mufuko, na makuta ya kunyooshwa mara moja ni makuta ya unga wa nyumba. Kwenu tunasema: sako moja kubwa, ifanyeni mbili, hata kama munuzi ananungunika. Mu koperative, ombeni uzito uandikwe. Na mukifika kwa munyooshaji, musikilize kwanza kama yeye anauliza. Anauliza ulianguka? Unakonda? Unatoka jasho usiku? Miguu inakufa ganzi? Ulitibiwa kifua kikuu? Mwenye kukulalisha bila swali hata moja, vaa shati yako, toka. Mwenye kusema atakuponyesha na tansio, sukari na ugumba kwa njia ya mugongo, toka mbio. Mwenye kuomba ulipe mara ishirini mbele ya kuanza, hiyo haiko tiba, ni biashara. Na kama umepita mara nne, tano, na hakuna kilichogeuka, usimuongezee makuta, tafuta kipimo.

Mazungumzo yatarudi kisha siku ya mushahara. Mbele ya hapo, kila shofere aandike ku karatasi namba ya kamyo yenye kiti kimekufa na tarehe alitoa habari kwa sefu, amupatie delege wa posti yake. Wenye kuangukia kazini tangu mwezi wa kwanza na ajali haikuandikwa, wapite vilevile, na jina la mushahidi mumoja. Badelege wa posti ya usiku watapokea karatasi ku mulango, saa ya kubadilishana.